Singo Tumefundwa, Damu Je?



Somo anatufunda singo, udi, asumini na namna ya kumpokea mume. Ahsante yake. Lakini damu inayotoka siku 12 kwa mabonge, pedi inajaa ndani ya saa moja, usiku unaamka kubadili shuka, hiyo tunaambiwa "ndiyo uanamke, vumilia." Hapo hatukubali.

Uvimbe kwenye kizazi, hospitali wanauita faibroidi, ni nyama inayoota kwenye misuli ya kizazi. Karibu wote si saratani. Unalishwa na homoni za kike, ndiyo maana mara nyingi husinyaa hedhi ikishakoma, na sisi wanawake weusi hutupata mapema na kwa wingi zaidi. Wengi wanao na hawajui. Hakuna jini mahaba hapo, wala hasadi ya wifi.

Sasa ndoa haijatimiza miezi 6, mama mkwe keshaanza kuulizia tumbo. Bibi harusi anapewa chupa ya "kusafisha kizazi" na kufukizwa. Chupa hiyo haiyeyushi uvimbe! La muhimu ni ulipoota: uliojitokeza ndani, pale mtoto anapokaa, ndio hasa huzuia mimba, ulioota kwa nje mara nyingi hauzuii. Hayo huonekana kwa altrasaundi, si kwa kupapaswa tumbo. (Na mume naye akapimwe. Mtoto anatafutwa na mmoja?)

Linalotuuma zaidi ni swala. Wapo wanaoiacha wiki 3 nzima wakidhani wote ni mwezi. Kwa madhehebu yetu ya Shafii hedhi haizidi siku 15; ikipita hapo, kuna istihadha ndani yake, na mwenye istihadha anaswali na anafunga. Fatima binti Abi Hubaysh alimwendea Mtume (S.A.W.) na jambo hilihili. Yeye hakuona haya kumuuliza Mtume, sisi tunamwonea haya daktari?

Mwambie apime na wingi wa damu. Zipo dawa za kupunguza kutokwa, vipo vidonge vya chuma, upo upasuaji wa kutoa uvimbe tu kizazi kikabaki, ingawa unaweza kuota tena. Ukiambiwa kizazi kitolewe chote na bado unataka kuzaa, usitie saini siku hiyo. Uliza njia nyingine, kisha mwone daktari wa pili.