Ajali Hii Ina Kinga

Wikendi ndefu ikikaribia, vijana wa Kampala hupakia mabegi. Mahema mapya, mifuko ya kulalia, viatu vya kupandia milima, tochi za kichwani, majiko madogo ya gesi, spika ya muziki. Wanateremka Luzira au Ggaba, wanapanda mashua, wanakwenda kupiga kambi visiwani. Nami nasema bila kumung'unya maneno: katika mabegi mengi ya aina hiyo hakuna hata kitu kimoja cha kumzuia mwenye begi asife maji.

Huo ni upumbavu, na upumbavu huu unaua. Mtu anazunguka maduka ya mjini na vibanda vya soko la Owino akichagua hema kwa makini, akikagua zipu, akiuliza kama kitambaa kinavujisha mvua. Akifika ziwani anasahau maswali yote. Anaingia kwenye mashua iliyojaa, anakalia begi lake, anapiga picha. Hema la kumkinga na manyunyu amelichagua kwa siku nzima, lakini kitu cha kumkinga na kifo amemwachia nahodha asiyemjua hata jina.

Ukikaa Luzira, safari ya porini haianzi na njia ya miguu. Inaanza na maji. Mitaa yetu inaishia Ghuba ya Murchison, kwenye bandari ya Port Bell iliyopewa jina la gavana wa kikoloni, Hesketh Bell. Reli ilishushwa hadi gatini, na meli zikabeba mabehewa kwenda Mwanza na Kisumu. Huu umekuwa mtaa wa bandari kwa zaidi ya miaka mia moja. Mtu wa bandari anapopanda chombo bila jaketi okozi hana kisingizio cha ugeni.

Najua ugonjwa huu unakotoka. Orodha za vifaa vya kambi tunazozifuata zimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Kwao baridi ndiyo inayoua, kwa hiyo orodha inaanza na koti la upepo, soksi za sufu na mfuko wa kulalia uliopimwa kwa nyuzi joto. Orodha hiyo ni sahihi kabisa kwa anayekwenda Rwenzori, kwenye barafu ya kilele cha Margherita, mita 5,109 juu ya usawa wa bahari. Huko usipokuwa na nguo kavu umekwisha. Lakini anayevuka ziwa kwenda kulala kisiwani hayuko Rwenzori. Maji ya juu ya Ziwa Viktoria yana joto la nyuzi 25 hivi. Mtu akianguka humo, hafi upesi kwa baridi. Hufa kwa sababu mikono imechoka, kwa sababu amemeza maji, kwa sababu mwenzake amemng'ang'ania shingoni.

Hebu tulifikirie jambo hili vizuri. Katika bahari za kaskazini, hata aliyevaa jaketi anakimbizana na saa, maana baridi itammaliza akielea. Sisi tumejaliwa maji ya uvuguvugu. Kwetu jaketi linaweza kumpa mtu usiku mzima wa kungoja, mpaka kupambazuke na wavuvi wamwone. Hakuna kifaa kingine chochote cha kambi kinachoweza kumfanyia mkazi wa Luzira kazi kubwa namna hiyo. Na ndicho kifaa tunachokiacha dukani.

Jumamosi ya tarehe 24 Novemba 2018, boti ya MV Templar iliyobeba watu waliokuwa wakistarehe ilizama karibu na ufukwe wa Mukono. Zaidi ya watu 30 walikufa. Hawa hawakuwa wavuvi maskini kwenye mtumbwi uliooza. Walikuwa watu wa mjini wenye uwezo, watu ambao bei ya jaketi okozi isingewatingisha. Polisi walieleza kuwa boti ilikuwa imejaa kupita kiasi na ilikuwa mbovu, na wengi waliokuwamo hawakuwa wamevaa majaketi. Waliowahi kuwaokoa walikuwa wavuvi. Miezi miwili tu kabla, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kimepinduka kikikaribia gati la Ukara nchini Tanzania, na zaidi ya watu 220 wakafa. Uganda nzima ilisikia habari ile. Maziko yake yalikuwa bado yanazungumzwa watu walipokuwa wakipanda Templar.

Na kila mara tunarudia wimbo uleule. Tunalia, tunachanga, tunazika, halafu mzee mmoja anasimama makaburini na kusema ajali haina kinga. Wenzake wanatikisa vichwa. Nakataa! Methali hiyo ina mahali pake, lakini kwenye mwalo wa mashua imekuwa blanketi la kufunikia uzembe. Kumweka abiria wa sitini kwenye chombo cha watu thelathini hakuitwi ajali. Kwenda katikati ya ziwa bila jaketi hakuitwi bahati mbaya.

Nitasema ukweli wote. Jaketi halitamwokoa kila mtu. Kivuko kikubwa kikipinduka na abiria wakafungiwa chini ya sitaha, kama walivyonaswa wengi ndani ya meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, jaketi haliwezi kupasua chuma. Hapo kinga ni kutozidisha mzigo na kukagua vyombo, na hiyo ni kazi ya serikali. Lakini mashua wanazopanda wapiga kambi ni za wazi. Zikipinduka humwaga watu wote majini kwa mara moja. Kwa ajali ya namna hiyo hasa ndiyo jaketi okozi lilibuniwa.

Utaniambia mashua zinayo majaketi. Njoo mwaloni tuyaangalie. Yanavutwa kutoka chini ya benchi, yamelowa, yananuka samaki. Rangi ya chungwa imepauka hadi kuwa kama ya nyama iliyochemshwa. Kifungo kimoja kimekatika na mahali pake pamefungwa uzi wa nyavu. Ukilibonyeza kifuani unasikia vipande vimevunjikavunjika ndani, vimekusanyika chini kama makapi. Lebo imefutika, hujui lilitengenezewa mtu mzima au mtoto. Na majaketi yenyewe ni machache kuliko abiria. Anayekabidhiwa moja analikalia ili asilowe suruali. Kifaa cha kuokoa maisha kimegeuzwa mto wa kukalia, na hakuna anayeona haya!

Kwa hiyo nunua la kwako, na ulichague kwa ukali uleule uliochagulia hema.

Anza na namba. Jaketi la kweli limeandikwa nguvu yake ya kuelea kwa nyutoni, pamoja na uzito wa mwili linaoufaa. La nyutoni 50 ni la kumsaidia anayejua kuogelea, karibu na ufukwe, mwokoaji akiwa jirani. La nyutoni 100 humnyanyua mtu kwa nguvu inayolingana na kilo 10 hivi, na hufaa maji yaliyokingwa. La nyutoni 150 ni la maji ya wazi, na limeundwa ili kumgeuza aliyezimia alale chali, uso juu. Ndani ya Ghuba ya Murchison nchi kavu inakukinga. Ukishatoka nje yake uko kwenye ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Huko la nyutoni 50 ni pambo.

Kisha livae palepale dukani. Funga vifungo vyote, umwambie mwenzako alivute juu mabegani kwa nguvu. Likikupanda hadi masikioni, majini litakutoka. Mtoto apate la kwake, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu na kola ya kuegemeza kichwa. Jaketi la mtu mzima juu ya mtoto ni mtego, maana atachomoka kwa chini na litabaki likielea peke yake.

Kagua na kilichomo ndani. Zamani majaketi yalijazwa magome ya mti wa Ulaya, yaitwayo koki, baadaye usufi, huuhuu tunaojazia mito, kwa kuwa nyuzi zake zina nta na hukataa maji. Siku hizi ni povu gumu lisilonyonya. Tapeli huweka sponji au takataka za kufungia mizigo. Mwezi Januari 2016 polisi wa Uturuki walikamata majaketi bandia 1,263 katika karakana moja mjini Izmir, yaliyokuwa yakiuzwa kwa wakimbizi wa kuvuka bahari, na vilivyokuwa ndani yake ni vitu vya kunyonya maji. Tarehe 15 Juni 1904 meli ya General Slocum iliungua New York, watu zaidi ya 1,000 wakafa, wengi wao wanawake na watoto, na majaketi yaliyokuwamo yalikuwa yameoza hata koki ikawa unga. Uovu huu ni wa kale na unavuka mipaka. Dawa yake ni rahisi: lizamishe jaketi kwenye pipa la maji usiku kucha, uliwekee jiwe juu. Asubuhi likiwa zito, lirudishe kwa aliyekuuzia na usiondoke mpaka akurudishie pesa.

Liwe na rangi kali, vipande vinavyong'aa vikimulikwa, na filimbi iliyofungwa kwa kamba. Sauti ya mtu hukauka upesi, filimbi haichoki. Ndani ya mashua viatu vizito vya mlima vivue, uvae ndala, na begi liweke chini. Mikanda ya begi usiipitishe juu ya jaketi.

Nasikia minong'ono. "Mimi najua kuogelea." Unajua kuogelea kwenye bwawa la hoteli, mchana, ukiwa umevaa chupi ya kuogelea. Mfa maji haachi kutapatapa, na akiwa karibu nawe atatapatapa juu yako. "Linaleta joto." Joto halijamzamisha mtu. "Linaharibu picha." Ndugu yangu, ziko picha nyingi nzuri zilizobandikwa kwenye matangazo ya vifo. "Ziwa limetulia leo." Ziwa hili lina tabia yake. Mchana upepo huvuma kutoka majini kwenda nchi kavu na mvua hunyesha pwani. Usiku upepo hugeuka, hutoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya ziwa, ukaibua radi na dhoruba mpaka alfajiri. Anayerudi kutoka kisiwani usiku kwa sababu muziki ulikuwa mtamu anaifuata dhoruba kwake nyumbani.

Wapo wasioweza kununua. Mvuvi anayepima bei ya jaketi dhidi ya bei ya nyavu na chakula cha watoto simlaumu. Lakini ninyi mnaoandaa safari za kambi, mnaowatoza watu usafiri, chakula, ngoma na fulana yenye jina la kundi, ninyi hamna la kujitetea. Wekeni jaketi ndani ya bei. Mpeni kila abiria kabla hajakanyaga mashua, mmvalishe na nahodha, mmvalishe na kijana anayekumba maji nyuma karibu na injini. Huyo kijana ndiye anayevuka ziwa kila siku na ndiye anayesahauliwa kila siku. Mwandaaji anayeacha fulana zishonwe na majaketi yasinunuliwe ameonyesha anachokithamini.

Na serikali isijifiche nyuma yangu. Uganda ilipata sheria mpya ya usafiri wa majini mwaka 2021. Sheria iliyo kabatini haielei. Tunataka askari mwaloni kila Ijumaa jioni na kila Jumapili, anayehesabu vichwa, anayebonyeza majaketi kwa mkono wake, mwenye mamlaka ya kuizuia mashua na asiyenunulika kwa noti ya soda. Tunataka shirika la viwango lipite madukani likamate majaketi ya sponji kama linavyokamata vyakula vilivyooza.

Lakini usimngoje askari. Uwezo mkubwa uko mkononi mwako wewe abiria, nao ni mguu wako uliobaki gatini. Mashua ikikosa majaketi ya kutosha, usipande. Dai nauli yako kwa sauti, wenzako wasikie. Watano wakikataa siku moja, Jumamosi inayofuata mwenye chombo atakuwa ameshanunua, maana anaelewa hasara kuliko mahubiri. Hema unaweza kuazima. Chakula mtagawana. Mvua ikikulowesha utakauka. Orodha yako ya safari ijayo iandike upya leo, jaketi okozi likiwa namba moja, na kama pesa imetosha kitu kimoja tu, nunua hilo na ulale nje chini ya mti.