Tamko kuhusu wafu wetu na wale wanaouza habari zao

Kwa waamini wa vyumba vyetu, kwa familia zenye kilio, kwa mashefu wa kartie na wa avenyu, kwa mapadre na wachungaji wenzetu, na kwa kila mkaaji wa Kalemie.

Sisi, wachungaji, wazee na akina mama viongozi wa vyumba vya maombi vilivyo katika komini za Lukuga, Lac na Kalemie, tumekutana kama chama na kukubaliana kusema jambo moja hadharani: hakuna mtu katika nyumba zetu aliyepewa na Mungu kazi ya kuleta habari kutoka kwa wafu. Anayeifanya kazi hiyo, na zaidi anayelipwa kwa ajili yake, hasemi kwa jina letu.

Tunalisema kwa sababu limekuwa desturi. Mtu anakufa, na kabla maiti haijatoka hospitalini anaingia kwenye kilio mgeni mwenye Biblia kwapani. Anajiita nabii. Anafumba macho, anasema ameonyeshwa mahali alipo marehemu na mtu aliyemla kwa uchawi. Kesho yake shangazi mzee hana pa kulala, au mtoto yatima anaonekana sokoni akiokota maganda. Familia imetoa franka na mbuzi ili eti mlango wa mbinguni ufunguliwe. Nabii amekwisha kwenda kwenye kilio cha avenyu nyingine.

Vyumba vyetu ni vidogo. Tunakaa sebuleni kwa mtu au uani, juu ya mikeka na viti vya kuazima, bila kengele wala kibao mlangoni. Ndiyo maana aibu hii inatupata sisi kwanza: jirani akisikia nyimbo za usiku kucha hajui ni chumba kipi, naye analo neno moja tu la kutuita wote.

Basi ajue tunachoamini. Tunaamini kwamba Yesu Kristo alikufa na kufufuka, na kwamba waliolala katika yeye watafufuliwa. Kuhusu hali ya marehemu kati ya kifo na siku ile, sisi wenyewe hatukubaliani: wapo kati yetu wanaofundisha kwamba roho inakwenda kwa Bwana mara moja, na wapo wanaofundisha kwamba mfu analala mpaka parapanda. Tumelijadili hilo mpaka chai ikapoa, na hatutalimaliza katika karatasi hii. Ndugu zetu Wakatoliki, ambao mashirika yao yanakutana majumbani kama sisi, wanawaombea marehemu na kuwakumbuka tarehe 2 Novemba. Sisi hatufanyi hivyo, wala hatuwacheki. Lakini pande zote tunasoma Luka sura ya 16, ambapo tajiri aliye katika mateso anaomba Lazaro atumwe kutoka kwa wafu kuwaonya ndugu zake, na Ibrahimu anakataa. Kama Lazaro hakuruhusiwa kurudi na ujumbe, tunauliza huyu wa kwenye kilio alipata wapi ruhusa.

Tuliwakuta wazee wetu na habari zao za wafu. Watabwa walisimulia juu ya Kibawa na pango lake, Waluba juu ya roho za wakubwa waliotangulia. Hatukuandika tamko hili ili kuwatukana babu zetu. Tunaona tu kwamba nabii wa siku hizi anafundisha mambo ya kale kwa mistari ya Biblia, kisha anawatoza watu kuliko mganga yeyote.

Jambo linalotuumiza zaidi ni la ziwa. Disemba 2014 meli ya Mutambala, iliyokuwa njiani kwenda Uvira, ilizama kaskazini mwa mji wetu, na waliohesabiwa kufa ni 129. Tangu hapo boti za mbao zimeendelea kupinduka, zikiwa zimejazwa magunia na watu kupita kiasi, na wengine hawaonekani tena. Familia ya aliyepotelea majini haina kaburi wala siku ya kuzika, na humo ndimo muuza habari anapata mavuno yake: atasema mtu huyo yu hai, amefungwa chini ya maji, na kwamba kwa malipo fulani atafunguliwa. Akina mama wanalipa, na mwezi ujao wanalipa tena, kwa sababu kuacha kulipa kunaonekana kama kumwua mtoto mara ya pili.

Kwa familia hizo tunasema hivi. Ufunuo sura ya 20 inataja bahari ikiwatoa wafu waliomo ndani yake, nasi tunaipokea ahadi hiyo kwa ajili ya ziwa letu la Tanganyika pia. Kina cha mita 1,470 hakimshindi Mungu. Chumba chochote katika chama chetu kitafanya ibada ya mazishi kwa aliyezama, bila jeneza, ufukweni, jina lake likitajwa mbele ya watu, na hakitadai kitu. Baada ya hapo familia iko huru kuondoa matanga na kurudi shambani au sokoni. Kulia kwao si ukosefu wa imani. Yesu mwenyewe alilia kwa ajili ya Lazaro, rafiki yake wa Bethania.

Vivyo hivyo kwa waliokimbia vita kati ya Wabatwa na Waluba tangu mwaka 2016, wakafika Katanika na kambi nyingine wakiwa wameacha maiti porini bila kuzika. Tumesikia mahubiri kwamba wafu hao wanazunguka wakidai damu. Mahubiri hayo tunayakataa kabisa. Anayesema mfu anadai kisasi anatafuta vita vingine, na mtu wa namna hiyo asipewe nafasi ya kusema katika chumba chochote.

Hatari hii si ya Kongo peke yake. Tarehe 17 Machi 2000 huko Kanungu, Uganda, wafuasi wa kundi lililongojea mwisho wa dunia waliteketea ndani ya jengo lao la sala. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge chakula ili wakutane na Yesu, na wengi walikuwa watoto. Makundi hayo yalianza na watu wachache wanaosali pamoja, kama sisi. Kwa hiyo tunakataza katika vyumba vyetu mfungo wowote kwa mtoto, kwa mama mjamzito na kwa mgonjwa anayemeza dawa, na tunakataza kutaja tarehe ya kurudi kwa Bwana, ambayo Yesu alisema ni Baba peke yake aijuaye.

Sheria ya nchi yetu nayo imesema. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inaliadhibu kosa hilo kwa kifungo na faini. Mchungaji anayelifanya ni mhalifu, hata akiwa amejazwa Roho namna gani. Kumlazimisha mjane alale na ndugu ya marehemu ili eti mzimu umwachie, au kumtoa nyumbani kwake kwa sababu nabii amesema yeye ndiye chanzo cha kifo, hatutakubariki wala kunyamazia.

Kwa serikali tuna neno pia. Sheria ya 31 Disemba 1971 ilifunga milango ya makanisa mengi madogo yasiyotambuliwa, na hatuoni kwamba ilipunguza uongo, iliufundisha kujificha. Sheria namba 004 ya 20 Julai 2001 inatupa njia ya kujiandikisha. Tunaomba njia hiyo iwe rahisi na ya gharama nafuu kwa chumba cha watu ishirini, na tunaomba parke imfuate mkosaji kwa kosa lake bila kufunga nyumba zote za sala.

Familia yoyote iliyotozwa fedha kwa ajili ya marehemu, au iliyoambiwa mtoto wake amemla mtu, imfikie shefu wa kartie au kiongozi wa chumba kilicho karibu. Tutakwenda nayo parke, na mtoto huyo tutampokea majumbani kwetu mpaka familia itulie. Tamko hili limetolewa Kalemie. Lisomwe katika kila chumba, kwa sauti, kabla ya sadaka kukusanywa.