Mwalimu Goso Kasomwa kwa Kiingereza, Sisi Tumenyamaza

 

Ndugu msomaji, alasiri moja nilikuwa nimekaa barazani hapa Mji Mkongwe, akapita kijana niliyemfundisha chuoni, masikioni ametia nyaya za simu. Aliponiona alizivua upesi, akaniamkia.

“Shikamoo, Maalim.”

“Marahaba, mwanangu. Nyimbo hizo?”

“Si nyimbo, Maalim. Ni hadithi. Mwalimu Goso.”

Nikataka nisikie. Nikasikia sauti ya mgeni, kwa Kiingereza, akisimulia hadithi niliyopewa na bibi yangu kabla sijaijua alifu. Nikamwambia, “Wacha upuuzi huo.” Kijana akatii, akenda zake. Usiku ule usingizi haukunijia vyema, maana nilijua nimekataza jambo bila ya kutoa badala yake. Basi maneno haya najirudi mimi kwanza, kisha nawarudi wenzangu wenye vilemba.

Kwanza tukijue tunachokisema. Mwaka 2005, katika mji wa Montreal, Kanada, mtu aitwaye Hugh McGuire alianzisha shughuli aliyoiita LibriVox. Watu wa kujitolea, kila mmoja nyumbani kwake, huchukua kitabu cha zamani ambacho haki ya mtungaji wake imekwisha muda, wakakisoma kwa sauti mlango baada ya mlango, kisha kikawekwa katika intaneti akisikilize atakaye. Msomaji halipwi, msikilizaji hatozwi, na hata sauti yenyewe wameitoa, hawaidai tena. Leo vitabu hivyo vimepindukia 15,000, na vingi ni hadithi za kubuni. Miongoni mwake kimo kitabu cha hadithi za Zanzibar alichokitoa George Bateman huko Chicago mwaka 1901, na humo ndimo alimo Mwalimu Goso.

Wako wanaosema kuwa haya ni yale maneno ya upuuzi yaliyolaumiwa katika Surat Luqman. Nawaomba warejee tafsiri. Wafasiri wamemtaja Nadhr bin Harith, aliyekuwa akileta visa vya wafalme wa Kiajemi ili awavute watu wasimsikilize Mtume. Lililomtia lawamani ni kusudio lake la kuwazuilia watu njia ya Mwenyezi Mungu. Mwenye kusikiliza hadithi mpaka Magharibi ikampita amekosa, kama alivyokosa mwenye kuuza Darajani mpaka Ijumaa ikampita. Wala hakuna aliyesema Darajani pafungwe. Na hadithi chafu ni chafu, isomwe kitabuni au isikiwe sikioni. Lakini Kurani yenyewe ina visa vingi, na Sura ya Yusuf karibu yote ni kisa kimoja. Basi vipi tuseme kisa kwa ukisa wake ni haramu?

Wengine wanasema kusikiliza ni uvivu, ilimu ni kusoma. Ajabu kubwa maneno haya kutoka vinywani mwetu! Hadithi za Mtume zilipokewa kwa kusikia, huyu kutoka kwa yule, na masheikh walihesabu kusikia kuwa ni njia ya kupokea ilimu. Maulidi ya Barzanji husoma mmoja na mamia wakasikiliza. Darsani kitabu ni kimoja na masikio ni mengi. Leo kijana akisikiliza kitabu, tunamwita mvivu!

Aibu yetu, ndugu zangu, iko pengine. Nyingi ya hadithi hizo za Bateman zilikuwa zimekwisha chapishwa kwa Kiswahili chetu cha Unguja tangu mwaka 1870. Aliyezikusanya ni Edward Steere, padri wa Kiingereza aliyefika hapa mwaka 1864. Alizisikia kwa watu wa mji huu, akazichapisha London, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Padri huyo alikuja na shughuli ya dini isiyokuwa yetu. Lakini alikaa akawasikiliza wazee wetu, nasi hatukukaa. Kitabu hicho leo hakina wa kukidai. Kukisoma kwa sauti hakutaki ruhusa wala shilingi moja. Nimeuliza, nimewatafutisha vijana, sijapata hata mtu mmoja wa kisiwa hiki aliyekisoma akakitoa bure.

Ninaye mwenzangu tuliyesoma naye chuo kimoja, macho yake yamezimwa na maradhi ya sukari. Kurani anayo kifuani, haimpotei. Lakini alikuwa mpenzi wa vitabu, na sasa siku ni ndefu. Mjukuu wake alimtilia hadithi katika simu, zote Kiingereza, na yeye Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Akaniuliza, “Maalim, sisi hatuna mwenye sauti?” Sikuwa na jibu.

Hebu tuirejee hadithi yenyewe. Goso alikuwa akisomesha chini ya mbuyu, paa akapanda kuiba mabuyu, buyu likamwangukia mwalimu, akafa. Wanafunzi wakatoka kumtafuta aliyemuua. Wakaukamata upepo, upepo ukasema mimi nazuiwa na ukuta. Ukuta ukasema mimi natobolewa na panya. Panya akamtaja paka, paka kamba, kamba kisu, kisu moto, moto maji, maji ng'ombe, ng'ombe mdudu, mdudu akamtaja paa. Kila mmoja akimsukumia mwenziwe.

Je, si sisi hao? Sheikh anasema kazi ya hadithi ni ya walimu wa skuli. Mwalimu anasema ni ya serikali. Serikali itasema fedha hakuna. Mchapishaji anasema vitabu havinunuliwi. Tajiri anasema hakuombwa. Kijana anasema hakufundishwa. Na bibi wa Makunduchi au Donge, mwenye sauti na hadithi kifuani, anakufa, nazo zinakwenda naye kaburini.

Hapa niwatahadharishe wenye pupa. Bure ni ya kile kilichokwisha muda wake. Muhammed Said Abdulla, aliyetuandikia Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alifariki mwaka 1991, na jasho lake bado lina wenyewe. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa hapa aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021, vitabu vyake si vya kutangazwa bila ya idhini. Kuitoa mali ya mtu sadaka ni dhulma, hata nia ikiwa njema.

Lakini cha mwaka 1870 kina udhuru gani? Kinataka simu iliyomo mfukoni mwako, chumba kimya baada ya Isha, na mtu mwenye Kiswahili safi na matamshi yaliyonyooka. Nani anao hao kuliko vyuo vyetu? Wale wa LibriVox hawakujifunga kwa Kiingereza. Wamo waliosoma kwa lugha nyingi. Mlango uko wazi. Sauti ni neema, na neema ina zaka yake.

Yule kijana nimemwita, nikamtaka radhi. Sasa kila Alkhamisi usiku tunakwenda naye kwa mwenzangu asiyeona. Mimi nasoma, yeye anashika simu, na mwenye nyumba hunirudi nikikosea neno la kale.

Paa alipoulizwa alinyamaza, hakuwa na la kumsukumia mtu. Na sisi tukiulizwa sauti zetu tulizitumia kwa lipi, tutanyamaza kama yeye?

Wabillahi tawfiq.