Kamba ikishafunguliwa

Siku ya Mungu iliyopita kijana mmoja wa hapa Lushebere alinivuta pembeni. Tangu utoto anaota kuvuka ziwa. Sasa ndugu yake wa ngambo amemutumia feza ya safari, lakini usingizi umekimbia na tumbo linamukata. Akaniuliza: «Yaya, ni kusema sikuipenda kweli safari hii?»

Nami nilipatwa vilevile. Ziwa Kivu si bahari, lakini sisi wa milima, tuliozoea ngombe na ukungu, tukitelemuka Sake na kuona maji yale yote, kwetu ni bahari. Nilikuwa na miaka 19, na watu wa nyumbani nilikuwa nimewachosha na habari za boti. Siku yenyewe, bandarini Goma, mtu wa boti akatupa kamba ndani. Kati yangu na ukuta maji yakafunguka: mkono mmoja, kisha mita tano. Hapo machozi yakatoka. Si furaha tu, si woga tu. Mama alikuwa amenisindikiza; nikaona kitenge chake kinakuwa kidogo, nikatamani kuruka nirudi.

Mama mmoja mwenye mifuko ya unga akanicheka: «Mutoto, unalia nini? Humu hamuna mamba.» Ni kweli, Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko. Lakini mahali penye kina zaidi lina mita karibu 480 kwenda chini, na hilo hakulitaja!

Usiku Nyiragongo ilikuwa nyekundu nyuma yetu, mbele taa za wavuvi wa sambaza. Woga haukutoka. Mimi nilikuwa nahesabu taa.

Kijana wetu ana sababu ingine pia. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, imejaa watu kupita kiasi, ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma. Vita ilikuwa imefunga barabara, kwa hiyo watu na mizigo vilipita majini. Jamaa waliokuja kuwapokea waliona kwa macho yao. Woga wa namna hiyo siwezi kumwambia autupe.

Nikamwambia: nenda, lakini uombe jile ya kuelea mbele ya kulipa. Ukiona hamuna hata pa kuweka mguu, shuka, feza ipotee. Na mama yako, mtaagana nyumbani ao atakuja mpaka bandarini?

Akafikiri kidogo.

«Akuje», akasema.