Koili Haili Umeme

Wiki iliyopita koili ya jiko langu ilikatika. Fundi wa mtaani akazivuta ncha mbili, akazisokota pamoja, akasema: "Imekuwa fupi kidogo, joto litapungua." Jioni ile ile ikawaka nyekundu kupita zamani, kisha ikakatika tena palepale penye msokoto.

Nianze na fundi. Volti za ukutani ni zilezile 230. Ukifupisha koili, ukinzani unapungua, mkondo unaongezeka na joto linapanda. Koili ya wati 1000 ukiipunguza sehemu ya kumi itatoa kama wati 1100. "Ukinzani mdogo, joto dogo" ni kweli pale tu mkondo usipobadilika. Na hilo ndilo lililoua msokoto: mkondo uleule ulipita koili nzima, lakini pale penye kiungo ncha ziligusana kwa vijisehemu tu. Ukinzani ukawa mkubwa mahali padogo, na joto likarundikana hapohapo.

Plagi ikiyeyuka, majirani hulaumu "umeme mkubwa" wa gridi. Mara nyingi gridi inasingiziwa. Mguso uliolegea wenye nusu omu tu, ukipitisha ampea 10, huzaa wati 50 ndani ya kijiplastiki kinachoenea kiganjani. Mwingereza James Joule alishaonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1840 kwamba joto hufuata mraba wa mkondo: ampea zikizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Ndiyo maana ekstensheni iliyovumilia redio na chaja miaka yote hulainika siku ikibebeshwa pasi na birika kwa pamoja.

Kwamba koili "inakula" umeme? Haili. Ampea zinazoingia ndizo zinazotoka. Kinachoachwa jikoni ni nishati: elektroni husukumwa, hugongana na atomi za waya, atomi zikatikisika zaidi, nasi mtikisiko huo tunauita joto.

Wala elektroni haziunguzi kwa kupita mbio kama risasi. Kwenye waya wa shaba wa nyumbani msafara wao haufikishi kwa kawaida hata milimita moja kwa sekunde, tena kwa umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Konokono anaupita.

Leo ukimaliza kupiga pasi, zima swichi, chomoa plagi, iguse. Ikiwa ya moto kuliko waya wake, mwite fundi abadilishe soketi, na usimruhusu asokote chochote.