Gitaa la Ng'ambo Hununuliwa kwa Maneno

Kuna usemi uliozoeleka kwamba mtu asikubali kuuziwa mbuzi ndani ya gunia. Mimi, ambaye kwa miaka mingi nimesimama mbele ya wanafunzi nikiwafafanulia maana za semi kama huo, niliuziwa mbuzi huyo mwaka jana. Na kana kwamba kisa hakijatimia, nilimnunua kwa fedha za mbuzi wa kweli.

Nina mpwa wa kike anayesoma katika shule moja ya upili mjini Kajiado. Mwalimu wake wa muziki alitambua kwamba ana sikio zuri na vidole vyepesi, akashauri atafutiwe gitaa lake mwenyewe, maana lile la shule hugombaniwa na wanafunzi wengi. Dada yangu aliuza mbuzi watatu mnadani Bissil, akaniletea fedha hizo nyumbani kwangu Kitengela. Aliniambia: "Kaka, wewe umesoma ng'ambo, unayajua mambo ya huko. Mtafutie mtoto gitaa la maana."

Nilianza kwa kuzunguka madukani Nairobi. Magitaa mapya ya bei tuliyoimudu yalikuwa ya plaiwudi, na nyuzi zake zilisimama juu mno ya shingo hata zingemchubua vidole mwanafunzi anayeanza. Nikakumbuka kwamba kwa fedha zizo hizo mtu hupata ng'ambo gitaa kuukuu la mbao nzima, lililotengenezwa kwa uangalifu na kutunzwa na mwenyewe. Nikampata mtu nchini Uingereza aliyeuza lake kwa pauni 180. Usafirishaji wa ndege ulikuwa pauni 95. Fedha za dada hazikutosha, nikajazia zilizopungua.

Hapo ndipo maneno yalipoanza kazi yake. Anayenunua gitaa dukani hulishika, akalipiga, akalinusa hata mbao zake. Anayenunua kutoka ng'ambo hana gitaa mkononi. Alicho nacho ni maelezo ya gitaa na picha mbili tatu. Kwa hakika ananunua maneno, akitumaini kwamba gitaa litafuata nyuma yake.

Muuzaji aliandika kwamba gitaa liko katika "hali nzuri". Huwafundisha wanafunzi wangu kwamba kivumishi kama "zuri" hakina kipimo ndani yake, na maana yake hutegemea kinacholinganishwa na anayelinganisha. Nyumba nzuri kwa mpangaji si lazima iwe nzuri kwa mwashi. Lakini fedha zilipokuwa mkononi, somo hilo lilinitoka. Sikuuliza kama shingo imenyooka. Sikuuliza kimo cha nyuzi, wala kama tumbo la gitaa lina ufa uliowahi kuzibwa, wala kama ufito wa chuma uliomo ndani ya shingo bado unakazika na kulegezeka. Maswali manne tu, ambayo muuzaji mwaminifu angeyajibu kwa aya moja.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Muuzaji yule, kwa nia njema, aliniuliza: "Je, niandike kwenye fomu kwamba ni zawadi, thamani pauni 20, ili usitozwe kodi nyingi?" Nami, mwalimu wa lugha, mtu ambaye riziki yake yote imo katika kuheshimu maana ya maneno, nilijibu kwamba aandike hivyo.

Kifurushi kilipowasili, afisa wa forodha aliitazama fomu, akalitazama gitaa, akatabasamu. Neno "zawadi" halikiondolei kitu thamani yake. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamtaka mwenye mzigo atangaze bei aliyolipa kwa kweli, na afisa asiporidhika anaweza kukadiria thamani kwa njia nyingine. Kutangaza uwongo ni kosa la jinai. Afisa yule alinionya, akakadiria upya, na juu ya makadirio hayo nikalipa ushuru, ada ya tamko la uagizaji, tozo ya maendeleo ya reli, na kodi ya thamani ya ziada ya asilimia 16. Sikuokoa hata senti moja.

Nilipofika Kitengela na kufungua sanduku, nikakuta shingo imevunjika pale inapoungana na kichwa. Nyuzi sita za chuma zilizokazwa huvuta kwa nguvu ipatayo kilo 70. Muuzaji hakuwa amezilegeza, wala hakuwa amekishindilia kichwa karatasi pande zote ili kisicheze. Sanduku likiangushwa mara moja tu, nguvu hiyo na kishindo hicho hukutana mahali pembamba kuliko pote, na mti ukasalimu amri.

Nikaandika barua ya kudai fidia. Jibu lilikuja upesi na kwa adabu. Fidia haizidi thamani iliyotangazwa, nami nilikuwa nimetangaza pauni 20. Bima ilikuwa imeniamini kuliko nilivyostahili! Neno nililolipanda ili kuikwepa kodi ndilo lililochipuka na kunichoma.

Yule binti alipokuja Jumamosi, aliisoma karatasi iliyobandikwa juu ya sanduku kabla hata hajalitazama gitaa. Akaniuliza: "Mjomba, kwani hili tulipewa bure? Mbona mama aliuza mbuzi?" Nimewahi kuulizwa maswali mazito na maprofesa, lakini sikumbuki lililonikosesha jibu kama hilo.

Wapo watakaosema kwamba kodi zetu ni nzito, na kwamba uwongo mdogo ni silaha ya mnyonge. Nawaelewa, maana nilisema hivyo hivyo moyoni. Lakini hebu tuupime uwongo huo. Karatasi moja ya usafirishaji husomwa na watu watatu: mtoza kodi, mwenye bima na msafirishaji. Huwezi kumwambia mmoja kwamba kitu hakina thamani na kumwambia mwingine kwamba kina thamani kubwa, ilhali wote wanasoma mstari ule ule. Ukiona kodi ni nzito, ipinge hadharani, mwandikie mbunge wako, andika katika ukurasa kama huu. Ukiipinga kwa siri ndani ya fomu, hasara yako nayo itakuwa ya siri.

Liko neno la tatu ambalo mnunuzi hana budi kulichunguza, nalo ni jina la mti. Magitaa mengi ya kale yametengenezwa kwa mbao za jamii ya dalbergia, ambayo mpingo wetu ni mmojawapo. Mkataba wa kimataifa wa CITES, unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliuweka mdalbergia wa Brazil katika orodha yake kali kuliko zote mwaka 1992. Mwaka 2017 jamii nzima iliwekewa masharti, na ijapokuwa ala zilizokwisha kutengenezwa ziliondolewa masharti hayo mwishoni mwa mwaka 2019, ule wa Brazil haukuachiliwa. Gitaa la zamani lenye mgongo wa mti huo, au lenye kipande cha pembe ya ndovu chini ya nyuzi, haliwezi kuvuka mpaka bila vibali. Muulize muuzaji jina la mti kabla ya kulipa, na umtake aliandike.

Asidhani msomaji kwamba nia yangu ni kumzuia mtu asiagize gitaa ng'ambo. Gitaa ni msafiri tangu jadi, na hata jina lake limesafiri. Wagiriki waliita ala yao kithara, Waarabu wakasema qithara, Wahispania wakasema guitarra, Waingereza wakalifupisha, nasi tukalipokea kama gitaa. Askari wetu waliorudi kutoka Vita Vikuu vya Pili walikuja na sauti ya magitaa masikioni. Fundi Konde mwenyewe alikuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi hilo, akafika hadi Burma. Mwenda Jean Bosco alikuja Nairobi kutoka Katanga na vidole vilivyowashangaza wapigaji wetu. Na safari hiyo haikuwa ya upande mmoja. Gitaa alilopiga John Lennon siku alipokutana na Paul McCartney, tarehe 6 Julai 1957, lilikuwa aina ya Gallotone, lililotengenezwa Afrika Kusini na kuagizwa kwa posta. Kijana wa Liverpool alipiga gitaa la bei nafuu lililotoka Afrika! Basi kijana wa Kajiado akiagiza la Liverpool, si jambo la kuonewa haya.

Isitoshe, kuagiza kumekuwa rahisi kuliko zamani. Wenye umri wangu tuliwaona wazee wetu wakihangaika kupata idhini ya kutuma fedha nje, hadi sheria ya kudhibiti fedha za kigeni ilipofutwa mwaka 1995. Leo malipo huvuka bahari kwa dakika moja. Lakini wepesi wa kulipa umetuondolea muda wa kufikiri, na muda huo ndio uliokuwa ukituokoa.

Ninayasema haya kwa walimu hasa, kwa kuwa mtaala wa umilisi umeweka mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika shule za sekondari pevu, na bila shaka shule nyingi zitatafuta ala kwa fedha kidogo za wazazi. Wataagiza za mtumba, na huenda wakafanya vyema. Nionavyo mimi, wakubali masharti matatu. Kwanza, wadai maelezo yanayopimika, na wayakatae maneno kama "nzuri" na "safi" yakija peke yake. Pili, watangaze bei ya kweli, walipie bima ya bei hiyo, na waihesabu kodi kabla ya kuchangisha. Bei ya gitaa ni ile ya mlangoni pako, siyo ya mlangoni pa muuzaji. Tatu, wamwagize muuzaji kwa maandishi alegeze nyuzi, akishindilie kichwa, na aweke sanduku gumu ndani ya boksi. Gitaa likifika, lisiwekwe juani wala karibu na dirisha. Ukavu wa Kitengela na Kajiado wakati wa kiangazi hupasua mbao zilizozoea unyevu wa Ulaya, na kitambaa kibichi ndani ya kijibweta chenye matundu, kikiwekwa sandukuni mwa gitaa, huokoa mengi.

Na mwalimu wa Kiswahili naye asijitenge. Achukue tangazo la muuzaji na fomu ya forodha, awape wanafunzi wazisome kama ufahamu. Waulizwe: neno hili linaahidi nini? Linaficha nini? Nani atalipa likiwa la uwongo? Sijui mtihani wa lugha ulio bora kuliko huo.

Lile gitaa lilipona. Seremala mmoja wa hapa Kitengela, ambaye kazi yake ya kila siku ni vitanda na milango, aliiunga shingo kwa gundi, akaibana kwa vibano siku tatu, kisha akapiga msasa hata ufa ukawa kama unywele. Kabla hajaigusa alinionyesha mahali mti ulipochanika, akaniambia waziwazi: "Mwalimu, itashika, lakini alama itabaki. Sitakuahidi zaidi ya hapo." Nikamlipa alichotaka bila kupunguziwa. Katika safari yote ya gitaa lile, tangu Uingereza hadi Kitengela, hayo ndiyo yalikuwa maelezo ya kwanza yaliyolingana na kitu chenyewe.

Sasa gitaa liko Kajiado na linapigwa kila jioni. Ile karatasi iliyoandikwa "zawadi" ninayo mimi. Nimeibandika ukutani mwa chumba changu cha kusomea, mahali ninapoiona kila ninapoketi kusahihisha insha za wengine.