Rimoti si swichi



Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia neema tusizoweza kuzihesabu, na upepo katika siku za joto ni mojawapo. Ndugu msomaji, leo safu hii itazungumzia chombo ambacho kimekwishaingia katika nyumba nyingi: pangaboi lenye taa, linaloendeshwa kwa rimoti.

Ijumaa moja baada ya swala, dada mmoja alimtuma mwanawe aniite nje ya msikiti. Alinieleza kuwa mumewe amenunua pangaboi la namna hiyo kwa ajili ya chumba cha mama mkwe, ambaye ni mtu mzima na joto hili la kaskazi linamnyima usingizi. Ramadhani nayo ilikuwa inakaribia. Bwana huyo alikusudia kulifunga mwenyewe, na mkewe alipomwuliza kama atazima umeme wa nyumba nzima, alijibiwa kuwa hakuna haja: swichi ya ukutani ipo, na likishafungwa rimoti itazima kila kitu. Dada yule akaniuliza, “Ustadhi, nikimzuia nitakuwa nimemvunjia heshima?”

Nilimjibu kuwa nasaha yenye upole haivunji heshima ya mtu, bali huihifadhi. Nikamwomba amfikishie mumewe salamu zangu na kumwuliza kama ataniruhusu nije na jirani yangu, ambaye ni fundi umeme mwenye leseni. Bwana yule, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, hakukataa. Tukaenda Jumamosi baada ya alasiri.

Katika chumba cha bibi kulikuwa na pangaboi la zamani. Fundi alimwomba bwana wa nyumba azime umeme kama alivyokuwa amekusudia kufanya. Akazima swichi ya ukutani, na pangaboi likasimama. Fundi akachukua testa, akaijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme ili ahakikishe kuwa ni nzima, kisha akapanda ngazi na kufungua kikombe cha pangaboi. Akagusa waya wa kwanza kwa testa, taa yake ikawaka. Akagusa wa pili, ikawaka pia. Swichi ilikuwa imezimwa, pangaboi limesimama, na umeme ulikuwa bado upo darini.

Sababu yake ilikuwa hii. Aliyefunga umeme wa chumba kile miaka mingi iliyopita aliweka swichi kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa moto. Ukizima swichi ya namna hiyo, njia ya umeme kurudi hukatika, kwa hiyo feni husimama. Lakini waya wa moto unaendelea kubeba volti 230 hadi darini, ukimngoja atakayeugusa. Bwana wa nyumba alinyamaza kwa muda mrefu. Mwanawe wa miaka 12 ndiye ambaye angemshikia ngazi. Kisha akatamka, “Alhamdulillah,” akaenda mwenyewe kuzima swichi kuu.

Sasa tuitazame rimoti. Ndani ya kikombe cha pangaboi jipya kuna kisanduku kidogo, yaani kipokezi, kinachosikiliza amri za rimoti. Ili kisikie, lazima kiwe na umeme wakati wote. Unapobonyeza kitufe cha kuzima, feni hulala na taa huzimika, lakini kipokezi kiko macho na nyaya zinazokiingia zina moto. Zaidi ya hayo, rimoti haimjui mwenyewe. Mtoto aliye chumba cha pili anaweza kuibonyeza wakati mkono wa baba yake umo kati ya mapanga. Kwa hiyo anayetaka kubadilisha balbu, kufuta vumbi au kukaza skrubu azime swichi kuu, amwambie kila aliyemo nyumbani, na amweke mtu mzima pale ili asiiwashe mwingine kwa kutojua. Kisha apime. Asitosheke na kuona kwamba taa haiwaki.

Siku ile fundi alitufundisha mambo mengine matano, nami nayaandika hapa ili msomaji ajue la kumwuliza fundi wake.

Kwanza ni mahali pa kutundika. Pangaboi si taa. Lina uzito wa kilo kadhaa, na hutikisika kila linapozunguka. Litundikwe kwenye kulabu ya chuma iliyomo ndani ya zege, au kwenye boriti imara ya mbao. Dari ya jipsamu haibebi mzigo huo, wala nyaya za umeme hazikuumbwa kuwa kamba. Mapanga yake yawe angalau meta 2.3 kutoka sakafuni, na pasiwe na kitanda cha ghorofa chini yake.

Pili ni regyuleta, yaani kile kitufe cha ukutani cha kuzungusha ambacho huongeza na kupunguza kasi ya feni za zamani. Pangaboi la rimoti lisipitishiwe hapo. Kipokezi chake kinahitaji umeme kamili, na kikipewa umeme uliopunguzwa hutenda kazi kwa kusitasita au huungua. Regyuleta iondolewe, mahali pake pawekwe swichi ya kawaida, na swichi hiyo ikate waya wa moto.

Tatu ni rangi za nyaya, na hapa ndipo wengi huangamia. Katika nyumba zetu za zamani waya mwekundu ndio wa moto na mweusi ni nyutro. Katika nyumba mpya, wa kahawia ndio wa moto na wa buluu ni nyutro. Lakini baadhi ya vipokezi vinavyotoka nje hufuata desturi ya Marekani: mweusi ndio wa moto, mweupe ni nyutro, na wa buluu hupeleka moto kwenye taa. Anayeunganisha mweusi kwa mweusi na buluu kwa buluu, akidhani rangi ni lugha moja duniani kote, ataunguza kipokezi au atasababisha shoti. Zisomwe herufi zilizoandikwa kwenye kipokezi na karatasi ya maelezo: L ni moto, N ni nyutro. Nyaya za darini zipimwe, zisikisiwe.

Nne, vyumba vingine vina nyaya mbili za moto darini, mmoja wa feni na mwingine wa taa, kila mmoja na swichi yake. Kipokezi huhitaji mmoja tu. Wa pili usiachwe ukining’inia, wala usiunganishwe na wa kwanza. Ufungwe mwisho wake ndani ya konekta, au utenganishwe kabisa kule unakoanzia. Maungio yote yakazwe vizuri, kwa maana ungio lililolegea hupata joto, na joto hilo likidumu huzaa moto.

Tano ni waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na manjano. Wengi huukata kwa sababu feni huzunguka bila ya huo. Ni kweli huzunguka. Lakini siku waya wa moto utakapogusa chuma cha pangaboi, waya wa ardhi ndio utakaoufanya umeme ukatike badala ya kumngoja mtu aguse.

Ndugu msomaji, huenda ukasema kuwa fundi ni gharama. Kweli, na ujira wake ni haki yake, apewe bila ya kuzungushwa. Nasi tuna haki ya kumwomba leseni. Kwa Tanzania Bara hutolewa na EWURA. Tukipunguza ujira hadi fundi aruke kipimo kimoja ili awahi kazi nyingine, tumeshiriki naye katika kuvunja amana.

Mtume wetu (s.a.w.) aliwaagiza waumini wazime taa zao kabla ya kulala, kwa kuhofia panya asije akauvuta utambi na kuwaunguzia watu nyumba yao. Taa zetu leo hazina utambi, lakini agizo hilo linatukumbusha kuwa usalama wa waliolala ni jukumu la aliye macho. Bibi yule hajui moto ni upi na nyutro ni ipi, wala hahitaji kujua. Yeye analala chini ya kile tulichokitundika.

Kwa dada aliyeniuliza, na kwa wote wenye swali kama lake: semeni. Mwambie mumeo, mwambie mwanao, mwambie hata fundi, “Tumezima swichi kuu? Tumepima?” Mwenye busara hatakasirika.

Pangaboi lile lilimalizika kufungwa kabla ya adhana ya magharibi, na bibi akatuombea dua tukiwa mlangoni.

Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu na walio ndani yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.